Shamba la Nyuki Liko Mbali, Maji Atabeba Nani?

Mama msomaji, kama umewahi kufuga nyuki katika nchi kavu, habari hii unaijua. Unafika kwenye mizinga mwezi wa Septemba, unagonga gogo kwa vidole, unatega sikio, na ndani ni kimya. Ukifungua unakuta masega makavu na mabuu ya nondo. Nyuki hawakufa. Wamehama. Nyuki wetu wa Afrika hawakai nyumbani kusubiri njaa: maua yakiisha na maji yakikauka, kundi zima hufunga safari pamoja na malkia wake, na mwenye mzinga hubaki na gogo tupu.

Sisi tuko 12, kikundi cha akina mama katika kijiji kimoja cha mkoa wa Dodoma. Tulianza na mizinga 15, mingine ya magogo na mingine ya masanduku. Asali ya mavuno ya kwanza iliwanunulia watoto sare na madaftari, na mmoja wetu alimaliza deni la matibabu ya mumewe. Lakini kila kiangazi mizinga 9 au 10 ilibaki tupu, na mvua ziliporudi tulianza upya kama watu ambao hawajawahi kufuga. Hapa kwetu mvua ni za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, milimita 550 hivi katika mwaka mzuri. Baada ya hapo ni miezi saba ya jua na upepo.

Tulisikia kwamba huko Marekani wako watu wanaolima vishamba porini kwa ajili ya kulungu na ndege, ili wanyama hao wapate malisho. Tulicheka sana. Mtu alime kwa jembe lake, kisha mnyama ale kwa raha zake, na sisi huku tunashinda mashambani kuwafukuza ngedere na kweleakwelea! Kicheko kilipoisha, mmoja wetu akasema, “Na nyuki je? Si wanyama wa porini? Tunawavunia chakula chao kila mwaka, lini tumewapandia?”

Ndipo tukaamua kuwalimia nyuki.

Tatizo la shamba la namna hii ni kwamba haliwezi kuwa karibu. Nyuki ni wakali, na mizinga haiwekwi jirani na nyumba, shule wala zizi. Mizinga yetu iko chini ya kilima, kilometa 4 kutoka kisima cha kijiji. Chakula chao nacho lazima kiwe huko huko, maana nyuki akisafiri mbali kutafuta maua, sehemu ya alichokipata anaila njiani. Bomba halifiki, na hata likifika hatuna fedha za kulilipia.

Hesabu tuliyoikosea

Januari 2022 tulipanda miche 200: milonge, mikunazi, migunga na mikwaju. Mpaka Aprili ilistawi, na tulijisifu. Mwezi wa Mei tukaanza kumwagilia.

Hebu tufanye pamoja hesabu ambayo sisi hatukuifanya mapema. Miche 200, kila mmoja lita 5, mara mbili kwa wiki, ni lita 2,000. Hayo ni madumu 100 ya lita 20. Tukigawana mama 12, kila mmoja anabeba zaidi ya madumu 8 kila wiki. Dumu moja lina uzito wa kilo 20, na kwenda na kurudi ni kilometa 8. Nyumbani napo kuna maji ya kupikia, ya kufulia na ya kuogesha watoto, nayo hayajibebi.

Hatukuweza, bila shaka. Tukapunguza lita 5 zikawa 2, kisha kikombe. Maji ya kikombe yakimwagwa juu ya ardhi kavu yanalowesha unene wa vidole vitatu, na ifikapo saa sita mchana yamekwisha kupaa. Mbaya zaidi, mizizi hufuata maji. Ukimwagilia juujuu inapanda juu, na huko juu ndiko jua liliko.

Julai mwalimu mkuu alimwita mmoja wetu shuleni. “Mama,” akamwambia, “mbona binti yako haonekani siku za Alhamisi?”

Mama yule hakuwa na la kujibu. Alhamisi ilikuwa zamu yake ya shamba. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na dumu lilikuwa linabebwa na binti wa darasa la sita. Alipotueleza kwenye kikao alikuwa anatazama chini. Kabla hatujapata muda wa kumlaumu, mwingine akakiri, kisha mwingine. Watano kati yetu tulikuwa tumetuma watoto. Asali tuliyoitafuta ili watoto wasome ilikuwa inawatoa shuleni.

Tuliacha kumwagilia wiki ile ile. Novemba tulihesabu miche iliyobaki hai: 23.

Tangu kikao kile, mtu akituletea mbinu ya kumwagilia hatumwulizi kwanza ni shilingi ngapi. Tunamwuliza ni madumu mangapi kwa wiki, na nani atayabeba. Mbinu nyingi zinazoitwa za gharama nafuu ni nafuu kwa sababu mgongo wa mama na wa mtoto haukuandikwa kwenye hesabu.

Chungu kinachovuja

Mwaka uliofuata tulipanda miche 40 tu, na tulikwenda kwa bibi mmoja mfinyanzi kuagiza vyungu 40 vya lita 6. Tulimwambia asivipake kitu, asivisugue kwa jiwe mpaka ving'ae, na aongeze mchanga kwenye udongo ili vipitishe maji. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. “Wajukuu zangu, maisha yangu yote watu wananirudishia chungu kwa sababu kinavuja. Leo ninyi mnakuja kununua kivujacho!”

Mbinu hii ni ya zamani sana. Katika karne ya 1 kabla ya Kristo Mchina mmoja, Fan Shengzhi, aliandika katika kitabu chake cha kilimo jinsi ya kuzika chungu cha maji katikati ya shimo lenye samadi, kupanda mbegu 4 za tikiti kukizunguka, na kukifunika kwa kigae. Sisi tulifanya karibu vile vile, ila badala ya tikiti tuliweka mti.

Hufanya kazi hivi. Udongo mkavu huvuta maji kupitia kuta za chungu polepole, na ukishalowa unavuta kidogo. Kwa hiyo mche unajipimia wenyewe, wala hakuna maji yanayobaki juu kuliwa na jua au kunyweshwa magugu.

Chimba shimo pana, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, kisha zika chungu mpaka shingoni. Mdomo uache vidole viwili juu ya ardhi ili mvua isikijaze tope. Panda mche umbali wa shibiri moja kutoka kwenye chungu, jaza maji, ufunike kwa jiwe bapa au kigae kizito. Kifuniko usikidharau. Tulipokuwa wavivu wa kufunika tulikuta mijusi imekufa ndani, na maji yaliyo wazi ni kitalu cha mbu. Kwa wiki tatu za kwanza mpe mche maji kidogo na juu pia, kwa sababu mizizi yake bado haijafika kwenye chungu.

Kabla ya kununua chungu kijaribu. Kijaze jioni, kiache usiku kucha. Asubuhi kikiwa kinatoa jasho nje, kinafaa. Kikiwa kikavu, kipikie maharage. Kikiwa kimeacha dimbwi, kina ufa.

Jambo moja halikutupendeza. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi, na chumvi huziba vitundu vya chungu. Vyungu vyetu vilianza kuchelewa katika mwaka wa pili. Tunaviacha visikauke kabisa, tunajaza vinapofika nusu, na mvua zikianza tunavitoa vilivyoziba, tunavisugua kwa brashi na kuviacha vilowe maji ya mvua. Vichache havikurudi kama vilivyokuwa.

Sasa rudi kwenye hesabu. Vyungu 40 vya lita 6, tukivijaza mara moja kwa wiki, ni lita 240. Ni madumu 12, yaani dumu moja kwa kila mama. Lakini hata hilo moja hatulibebi kichwani, kwa sababu madumu 12 yanaingia kwenye mkokoteni mmoja wa punda Jumamosi asubuhi, na mkokoteni unalipwa na mfuko wa kikundi. Madumu 100 yasingeingia kwenye mkokoteni wowote. Tuliandika pia kanuni kwenye daftari letu: mtoto hapeleki maji shambani siku ya shule, hata mama awe mgonjwa. Mama akiwa mgonjwa, wenzake ndio wapo.

Maji ambayo hakuna aliyeyabeba

Dumu bora kuliko yote ni lile ambalo halikutoka kisimani. Milimita moja ya mvua juu ya eneo la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Shamba letu lina mteremko mdogo, kwa hiyo kila mti tuliuwekea tuta la nusu mwezi upande wa chini, mikono yake ikielekea juu, ili ukinge maji ya eneo la mita 20 za mraba. Ikinyesha mvua moja kubwa ya milimita 30, zinaanguka hapo lita 600. Hata theluthi moja tu ikifika shinani, ni lita 200, madumu 10, bila hatua hata moja ya safari. Maji hayo huzama chini na kuusubiri mti mpaka Juni. Kazi ya jembe ilituchukua siku sita, na kila Novemba tunarudi kuziba palipobomoka.

Kwa mazao ya msimu yanayowapa nyuki maua, yaani alizeti na mbaazi, tuliiga wenzetu wa kijiji cha Chololo, mkoani humu humu, ambao mashimo yao yamekuwa na jina la kijiji chao. Shimo la Chololo lina upana wa sentimeta 22 hivi na kina cha sentimeta 30. Kati ya shimo na shimo ni sentimeta 60, na kati ya mstari na mstari ni sentimeta 90, mistari ikikinga mteremko. Udongo uliochimbwa unafanywa kitutatuta kuzunguka shimo. Ndani unaweka majivu ili kufukuza mchwa, samadi na mabaki ya mazao, kisha udongo, lakini usijaze mpaka juu, acha nafasi maji yatulie. Wenyeji hupanda humo mahindi, uwele na mtama. Sisi tulipanda mbaazi, na zilikuwa na maua hata baada ya mvua kuisha.

Hapa tunapenda kutaja mzee mmoja wa Burkina Faso, Yacouba Sawadogo, aliyefariki mwaka 2023. Yeye alifufua ardhi iliyokuwa ngumu kama saruji kwa mashimo ya namna hiyo, ambayo kwao huitwa zai, na mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood. Alichotushangaza ni kwamba mchwa hakuwafukuza. Aliwakaribisha kwa samadi na majani, wakamtobolea ardhi ili maji yapite. Wa Chololo wanaweka majivu, yeye aliwaalika. Tulibishana juu ya hilo mkokoteni mzima, kwenda na kurudi. Sisi tunatumia majivu kwenye mbaazi, na kwenye miti mikubwa tunawaacha mchwa wale matandazo. Pengine wote wawili wana haki, kila mmoja na udongo wake.

Matandazo nayo tusiyasahau. Majani makavu, mabua ya mtama, hata mawe bapa, unene wa kiganja, kuuzunguka mti. Bila hayo chungu kinafanya kazi mara mbili.

Tulivyovijaribu tukaviacha

Chupa za plastiki zilizotobolewa kizibo na kupinduliwa shinani kila mtu anazisifu. Kwa bustani ya mchicha nyuma ya jiko zinafaa. Kule porini nyingine ziliisha maji ndani ya saa mbili, nyingine ziliziba kwa tope, mbuzi wa jirani wakazitafuna zilizobaki, na tulishinda siku nzima tukiokota takataka zetu wenyewe.

Mipira ya matone tuliipenda zaidi. Ndoo ya lita 20 inainuliwa mita moja juu ya kichanja, na mipira miwili ya mita 15 inadondoshea mimea maji kidogo kidogo kwa uzito wake yenyewe, bila pampu. Watafiti wa kilimo wa Kenya waliisambaza miaka ya 1990, na kwa mboga ni msaada mkubwa, ilimradi maji yachujwe. Lakini shamba letu halina mlinzi. Mnyama mwenye kiu anajua mpira una nini ndani. Mwezi haukuisha, mipira ilikuwa imetobolewa kwa meno, ya panya au ya ngedere hatujui. Tuliikata vipande, sasa iko kwenye bustani ya sukuma wiki ya mwenyekiti wetu, na hatuna malalamiko.

Kilichofaa mahali pasipo na mfinyanzi ni bomba la kina. Chukua kipande cha mwanzi kilichotobolewa vifundo, au bomba bovu, urefu wa sentimeta 45. Toboa matundu upande mmoja, uzike wima kando ya mche, matundu yaelekee mizizi, na juu pabaki pa kumiminia. Funika mdomo kwa kipande cha wavu. Katika majangwa ya Kalifornia wanaorudisha miti ya asili hutumia mabomba ya namna hii pamoja na vyungu vya kuzikwa, kwa sababu na wao wana safari ndefu ya kufuata kila mche. Faida ni kwamba kikombe cha maji hakiishii juu, kinafika chini penye mizizi. Upungufu wake ni kwamba bomba haliweki akiba kama chungu, kwa hiyo usipokwenda, mti haunywi.

Nyuki wenyewe nao wana kiu, na katika joto hubeba maji kupoza mzinga. Tunawawekea sufuria pana iliyochakaa, imejazwa kokoto, na maji kidogo kati ya kokoto. Usiweke maji bila kokoto, watazama. Kila mkokoteni ukija, lita mbili ni zao.

Hesabu ya mwisho

Septemba 2025, kiangazi cha tatu tangu tupande na vyungu, miti 34 kati ya 40 ilikuwa hai, na mizinga 11 kati ya 15 ilikuwa inanguruma. Milonge ilitoa maua kabla haijafikisha mwaka, nayo ndiyo inayowabeba nyuki wakati mengine yote ni makavu. Majani yake tunayachuma mboga, na yakikaushwa yanaingia kwenye uji wa watoto, kitu ambacho hatukukipanga. Mikwaju haijatoa hata ua moja. Wale wakubwa kati yetu wanasema hiyo wamewapandia wajukuu na nyuki wao. Mizinga minne ilihama kama kawaida, na miwili kati ya hiyo iko upande wa juani. Safari hii tutaihamisha tuone.

Binti wa Alhamisi alimaliza darasa la saba na yuko sekondari. Ada ya bweni asali haikutosha kuilipa yote, lakini ilianza.

Mwaka huu miti ya mstari wa kwanza imeshika chini na haihitaji tena maji yetu, hivyo tulikwenda kung'oa vyungu vyake ili vihamie kwenye miche mipya 15. Vingi vilitoka vizuri. Viwili vilipasuka. Kimoja, cha mkunazi ulio karibu na njia, kilikataa. Tulipofukua tulikuta mizizi imekikumbatia pande zote kama wavu, mingine imeingia katika nyufa mpaka ndani. Tulirudisha udongo, tukakiacha, na wiki iliyofuata tulikwenda kumwagiza bibi kingine.